Kutengeneza Dosari Ndogo kwenye Picha ya Rangi ya Mafuta: Mwongozo Kamili

Selotepu nyuma ya kanvasi, tone la supaglu kwenye mchaniko, rangi mpya iliyopakwa mpaka ikafunika ile ya zamani: matengenezo ya namna hii huiumiza picha kuliko tundu lenyewe. Picha iliyotoboka inaweza kukaa miaka ikisubiri fundi. Picha iliyotiwa gundi isiyotoka haina subira hiyo, kwa sababu gundi inazidi kukauka, inavuta nyuzi, inageuka rangi, na rangi ya pembeni yake inaanza kubanduka.

Mwongozo huu ni wa mtu mwenye picha ya rangi ya mafuta kwenye kanvasi ambayo imepata dosari ndogo. Huenda ni vumbi la miaka, vinyesi vya nzi, kanvasi iliyolegea, kibonyeo kilichoachwa na ncha ya kiti, gamba la rangi linalotaka kudondoka, au mchaniko usiozidi sentimita mbili. Msingi wa kazi yote ni huu: rangi aliyoiweka mchoraji haifunikwi wala haikwanguliwi, na chochote utakachoongeza lazima kiweze kuondolewa baadaye bila kuidhuru.

Picha za kutozigusa

Anza kwa kuamua kama kazi ni yako. Mchaniko mrefu, rangi inayobanduka eneo kubwa, picha iliyolowa, iliyopigwa na moto au iliyojaa ukungu, hizo ni kazi za mtaalamu. Picha iliyolowa ilaze chali mahali penye hewa na kivuli, usiitoe kwenye fremu yake, usiianike juani, kisha tafuta msaada.

Picha ya mchoraji anayejulikana nayo iache, hata kama dosari yake ni ya ukubwa wa punje ya mchele. Ukikuta ukutani kwa babu picha ya kizazi cha Makerere, kwanza ulizia ni ya nani. Sam Ntiro, aliyesoma na kufundisha Makerere na baadaye akawa balozi wa Tanganyika mjini London, alichora mwaka 1956 picha ya wanaume wakimpelekea bibi harusi pombe ya ndizi usiku. Mwaka 1960 ikachukuliwa na Museum of Modern Art ya New York, na ni rangi ya mafuta kwenye kanvasi. Picha za watu wa rika lake hazijaribiwi mkono.

Hakikisha pia ni rangi gani. Madukani kwetu rangi ya mafuta ni ile ya kupakia milango na madirisha, na ndiyo jamii ya rangi inayotumiwa na wachoraji wa Tingatinga tangu Edward Saidi Tingatinga alipoanza kuchora Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1960. Hiyo hukauka ikawa ngumu na yenye kung'aa, na mara nyingi imepakwa kwenye ubao badala ya kitambaa. Ninayoizungumzia hapa ni ile ya kwenye tyubu, iliyosagwa kwa mafuta ya kitani. Vilevile kuna akriliki, rangi ya plastiki inayochanganywa na maji, inayofanana nayo sana kwa macho lakini inalainika kwa joto na kuvimba kwa maji. Kama picha imenunuliwa sokoni miaka ya karibuni na huna uhakika, ichukulie ni akriliki, uishie kwenye hatua ya kufuta vumbi.

Tabaka zake

Chini kabisa kuna kitambaa cha kitani au pamba, kilichowambwa kwenye fremu ya mbao kama ngozi inavyowambwa kwenye ngoma. Kitambaa kimepakwa gundi, juu ya gundi kuna praima, yaani tabaka la kuandalia rangi, ambalo mara nyingi ni jeupe, halafu rangi za mchoraji, na juu kabisa, ingawa si kila mara, vanishi.

Tabaka hizi haziupokei unyevu kwa namna moja. Masika yakianza, gundi inavuta unyevu na kulainika, na kanvasi inalegea. Hewa ikikauka, gundi inakaza upya. Rangi ikishazeeka huwa kavu, haiwezi kufuata mvutano huo kila mwaka, kwa hiyo inapasuka. Ndiyo sababu picha ya Mombasa au Unguja huchoka upesi kuliko ya Dodoma, na ndiyo sababu sehemu kubwa ya kazi hii ni kujua maji kiasi gani yanatosha.

Kitambaa nacho kina tabia yake. Wachoraji wa Lubumbashi wa miaka ya 1970, Tshibumba Kanda Matulu akiwa mmoja wao, walichora kwenye kitambaa cha magunia ya unga, chepesi na chenye matayarisho haba. Picha ya namna hiyo usiitie maji kabisa, kwa mbele wala kwa nyuma.

Vifaa

Utahitaji lenzi ya kukuzia, tochi, brashi laini pana ya manyoya, pamba ya hospitali, vijiti vya mishikaki, kibano, sindano ya kushonea, brashi nyembamba namba 0 au 1, karatasi nyeupe ya kufyonza wino, karatasi ya kuokea keki ile isiyoshika, kipande cha kioo chenye kingo zilizosagwa, na vifuko vidogo vya mchanga vya kugandamizia. Kwa maji, nenda duka la dawa ununue maji ya sindano, vile vichupa vya mililita 10. Ni safi, hayana chumvi, na kiasi chake kinakulazimisha uwe bahili, jambo ambalo ndilo tunalolitaka. Maji ya bomba, hasa ya visima vya pwani, yanaacha chumvi kwenye rangi.

Gundi yako kuu ni jelatini ya kupikia isiyo na sukari wala ladha. Wataalamu hupendelea gundi ya bondo la samaki aitwaye sturgeon, kwa kuwa ni nyembamba, inanata vizuri na inatoka kwa maji ya uvuguvugu hata baada ya miaka. Bondo ni kile kifuko cha hewa ambacho wavuvi wa Ziwa Victoria hukitoa kwenye sangara na kuwauzia wafanyabiashara wa China. Ukiweza kuagiza gundi hiyo, agiza. Ukikosa, jelatini itakufaa kwa kazi ndogo.

Supaglu, gundi ya mbao, gundi ya viatu na selotepu ziweke chumba kingine.

Hatua ya kwanza: kuangalia

Laza picha chali kwenye meza pana iliyotandikwa shuka safi. Zima feni, maana upepo wa panga boi unatosha kupeperusha gamba la rangi ambalo hutaliona tena. Piga picha mbele na nyuma kwa simu, halafu zima taa, ishike tochi ubavuni mwa picha kiasi kwamba mwanga unateleza juu ya rangi, upige tena. Mwanga wa ubavuni unafichua kila kitu: vibonyeo, kingo za magamba yaliyoinuka, mahali kanvasi ilipotepeta, hata viraka vya zamani. Sehemu yenye magamba yaliyoinuka izungushie alama kwenye picha ya simu. Hapo brashi haipiti mpaka ugandishe magamba kwanza, kwa njia ya hatua ya sita.

Kama una tochi ya kukagulia noti bandia, itumie gizani. Vanishi ya zamani ya utomvu hung'aa kijani kibichi kilichofifia, na rangi iliyoongezwa baadaye juu yake huonekana kama doa jeusi. Ukiona madoa mengi ya namna hiyo, kuna mtu aliwahi kuitengeneza kabla yako, na huenda unachotaka kusafisha ni mkono wake.

Nyuma ya picha soma kila kitu: sahihi, tarehe, lebo ya duka la fremu, muhuri wa maonyesho. Lebo hazibanduliwi.

Hatua ya pili: vumbi

Simamisha picha ikiinamia mbele kidogo ili vumbi lidondoke badala ya kutua tena. Piga brashi kwa wepesi kutoka juu kwenda chini, mstari kwa mstari. Kitambaa cha kufutia usitumie, kwa kuwa nyuzi zake hunasa kwenye ncha za rangi na kuzing'oa. Mbele ikiisha, fanya nyuma.

Hapo nyuma kuna mahali watu wengi hawapajui. Kati ya kanvasi na mbao ya chini ya fremu kuna mwanya mwembamba, na uchafu wote wa miaka hutumbukia humo: mchanga, vipande vya lipu, misumari midogo, mabawa ya mende, wakati mwingine kabari nzima. Vinajaa, vinasukuma kanvasi, na mbele unaona uvimbe mrefu sambamba na ukingo wa chini. Geuza picha juu chini, ugonge fremu polepole kwa vidole, upitishe kipande cha kadi nyembamba mwanyani bila kukibinya kwenye kitambaa, vitoke vyote. Mara nyingi uvimbe unapungua wenyewe baada ya siku chache bila tiba nyingine.

Ukungu mkavu, ule wa unga mweupe au wa kijivu, unatolewa nje ya nyumba kwa brashi ambayo hutaitumia tena kwa kitu kingine, na uvae barakoa. Usiupanguse kwa kitambaa chenye maji; utausambaza na kuulisha.

Hatua ya tatu: uchafu ulionata

Moshi wa jiko, mafuta ya mapishi na vumbi laini hutengeneza utando wa kijivu ambao brashi haiutoi. Hapa jaribu kwanza pembezoni, mahali panapofunikwa na fremu. Zungushia pamba kwenye ncha ya kijiti cha mshikaki, ichovye kwenye maji ya sindano, ikaushe kidogo kwenye karatasi ya kufyonza, kisha izungushe juu ya rangi kama unaviringisha penseli. Usisugue. Tazama pamba kwa lenzi. Ikiwa ya kijivu au ya njano iliyofifia, huo ni uchafu, endelea. Ikiwa na rangi ya picha, acha hapo hapo. Jaribu kila rangi peke yake, na uwe mwangalifu zaidi na nyekundu, kahawia nzito na nyeusi, kwa kuwa hizo hutoka upesi kuliko nyingine.

Maji yakishindwa, mate yako yanaweza kuweza. Mafundi wa Ulaya wametumia mate kwa karne nyingi, na mwaka 1990 watafiti wa Ureno walichapisha matokeo yakionyesha kwamba kinachofanya kazi ni kimeng'enya cha amilesi, kilekile kinachoanza kuvunja ugali mdomoni. Safisha mdomo, ukae bila kula, lowanisha pamba kwa mate, viringisha, kisha pitisha pamba nyingine yenye maji ya sindano kuondoa mabaki. Fanya eneo la sentimita tatu kwa tatu kila mara, na pamba ikichafuka itupe. Picha ndogo inaweza kumaliza mfuko mzima wa pamba, na hivyo ndivyo inavyotakiwa.

Kiazi kilichokatwa, kitunguu, mkate, sabuni ya vyombo, vitambaa vya kupangusia watoto na mafuta ya nazi, vyote nimevisikia vikisifiwa. Kiazi na mkate vinaacha chakula cha ukungu na wadudu. Sabuni inaingia kwenye nyufa na haitoki. Mafuta ya nazi yanang'arisha kwa wiki moja, halafu yanashika vumbi jipya lililo jingi kuliko la mwanzo.

Vanishi iliyogeuka njano usiijaribu nyumbani. Kuiondoa kunahitaji viyeyusho, na tofauti kati ya kiyeyusho kinachoyeyusha vanishi na kinachoyeyusha rangi ni ndogo mno. Katika hili pwani yetu ina historia yake. Karne ya 19, sandarusi, utomvu mgumu wa miti ya kale, iliyochimbwa kwenye mwambao wa Tanganyika na kusafirishwa kupitia Zanzibar ilitafutwa sana Ulaya na Marekani kwa kutengenezea vanishi ngumu. Vanishi ya namna hiyo, iliyopikwa pamoja na mafuta, ikizeeka hugeuka kahawia na kukataa kuyeyuka. Wataalamu wenye maabara huhangaika nayo hadi leo.

Vinyesi vya nzi ni shida ya peke yake kwa sababu vina asidi na vimejishika. Lainisha kimoja kwa mate, subiri kidogo, kisha kiinue kwa ncha ya kijiti cha mti ukiangalia kwa lenzi. Kikikataa, kiache. Kitone cheusi kimoja ni afadhali kuliko kitone cheupe cha praima iliyofichuka.

Hatua ya nne: kanvasi iliyolegea

Kwenye kona za fremu ya kuwambia, kwa ndani, kuna vikabari vya mbao, kwa kawaida viwili kila kona. Vikigongwa, kona zinapanuka na kanvasi inakaza. Ingiza kipande cha kadi kati ya kabari na kitambaa ili nyundo ikiteleza isiguse kanvasi. Gonga kila kabari kidogo, zunguka kona zote nne, kisha angalia. Kanvasi iwe na mkazo wa wastani, isilie kama ngoma.

Usikaze wakati wa mvua. Kanvasi iliyolegea mwezi wa Aprili inaweza kujirudi yenyewe mwezi wa Julai, na ukiikaza Aprili, Julai itakazana kupita kiasi na rangi itapasuka. Subiri kiangazi, tazama tena, ndipo uamue. Fremu za bei nafuu za siku hizi zilizopigwa misumari kwenye kona hazina kabari, na hizo hazikazwi bila kuwambwa upya.

Hatua ya tano: kibonyeo

Kibonyeo hakisukumwi kwa kidole kutoka nyuma. Ukisukuma, rangi inavunjika kwa ndani, na baada ya miaka unaona mbele nyufa za duara kama utando wa buibui, hata kama siku ile hukuona kitu.

Kama mbele hakuna magamba yaliyoinuka na kitambaa si dhaifu, tandika karatasi ya kuokea keki juu ya meza laini na ulaze picha kifudifudi. Chukua pamba iliyokamuliwa mpaka haitoi tone, iguse nyuma ya kibonyeo mara moja au mbili. Unataka ubaridi tu, usilowanishe kitambaa. Weka juu yake karatasi ya kufyonza, kisha kioo, kisha kifuko cha mchanga cha nusu kilo. Baada ya robo saa badilisha karatasi, baada ya saa moja badilisha tena, halafu acha mpaka kesho. Kibonyeo kikibaki kidogo, rudia siku nyingine, na usiongeze maji. Kuna kanvasi za karne ya 19 zilizofumwa kwa kubana sana ambazo hunywea ghafla zikipata unyevu, na rangi yote ikainuka. Kwa picha ya zamani ya Ulaya, tumia uzito mkavu peke yake.

Hatua ya sita: gamba linalotaka kudondoka

Loweka gramu 3 za jelatini kwenye mililita 100 za maji ya sindano kwa nusu saa, kisha weka chombo ndani ya maji ya moto hadi iyeyuke. Isichemke, kwa kuwa ikichemka inapoteza nguvu. Ikiwa bado ya uvuguvugu, chovya brashi nyembamba na uguse ukingo wa gamba. Gundi itajivuta yenyewe chini yake. Ikikataa kuingia, tangulia na tone dogo la spiriti ya duka la dawa iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu, lakini jaribu kwanza pembezoni, kwa sababu spiriti inayeyusha vanishi nyingi.

Subiri dakika mbili tatu gamba lilainike, weka kipande cha karatasi ya kuokea juu yake, na uligandamize kwa ncha ya kidole kuanzia upande lililoshikana kwenda upande ulioinuka. Gundi iliyotoka pembeni ifute kwa pamba yenye unyevu, weka karatasi mpya ya kuokea, kioo na mchanga, mpaka kesho yake. Gamba lililokwisha kudondoka liokote kwa brashi yenye unyevu badala ya kibano, kwa kuwa kibano hulivunja. Litafutie mahali pake kwa lenzi kama kipande cha fumbo kabla ya kutia gundi.

Hatua ya saba: mchaniko mdogo

Mwaka 2006 tajiri wa Las Vegas aitwaye Steve Wynn, akiwaonyesha wageni picha ya Picasso ya mwaka 1932 iitwayo Le Rêve, aliipiga kwa kiwiko ikatoboka. Mauzo aliyokuwa amekubaliana yalivunjika. Matengenezo yaliripotiwa kugharimu dola 90,000, na mwaka 2013 picha hiyohiyo ikauzwa kwa dola milioni 155. Siri ya kazi kama ile ni uzi mmoja mmoja: hakuna kiraka, kila uzi uliokatika unarudishwa kwa mwenzake. Mjerumani Winfried Heiber ndiye aliyeieneza njia hii, akitumia gundi ya bondo la samaki iliyochanganywa na uji wa wanga wa ngano kwa takribani sehemu sawa.

Kwa mchaniko mfupi wenye kingo safi unaweza kufanya toleo dogo la kazi hiyo. Kwanza tuliza kingo zilizojikunja kwa unyevu mdogo na uzito, kama ulivyofanya kwenye kibonyeo. Kisha, ukiangalia kwa lenzi, tumia sindano kupanga nyuzi: mtande (nyuzi za urefu) kwa mtande, mshindio (nyuzi za kukatiza) kwa mshindio, uzi ulioingia mbele urudi nyuma. Usikate uzi hata mmoja, hata ule ulionyooka vibaya. Kupanga nyuzi kunachukua muda mwingi kuliko kutia gundi, na kama kuna hatua moja ya kutoiharakisha, ndiyo hii.

Nyuzi zikishakutana, gusa kila makutano kwa tone la gundi ndogo kama kichwa cha pini. Tumia mchanganyiko wa Heiber, au jelatini nzito ya gramu 10 kwa mililita 100 iliyochanganywa na uji mzito wa wanga wa ngano. Wanga ni tofauti na unga wa chapati, ambao una mengi ya kuwavutia wadudu. Gandamiza, kausha. Baadaye, kwa nyuma, laza nyuzi chache za kitani kukatiza mchaniko, kila moja ya sentimita moja na nusu, ncha zake zikiwa zimechambuliwa ziwe nyembamba, na uzinatishe kwa gundi hiyohiyo. Hizo ni madaraja. Kiraka cha kitambaa kizima usikiweke: kingo zake hujichora mbele baada ya miaka, nawe utaona mraba katikati ya anga la mchoraji.

Kingo zikiwa zimeachana na hazifikiani tena, kanvasi imeshanywea. Usivute. Hapo ni kwa mtaalamu.

Hatua ya nane: kujaza pengo

Palipodondoka rangi na praima pana shimo, na rangi ikipakwa ndani ya shimo itaonekana daima. Chukua jelatini ya gramu 7 kwa mililita 100, ichanganye ikiwa ya uvuguvugu na unga safi wa kalsiamu kaboneti mpaka iwe nzito kama uji. Chaki ya ubaoni mara nyingi ni jasi, kwa hiyo usiisage. Jaza pengo tu, kwa tabaka mbili au tatu nyembamba, kila moja ikauke. Tabaka moja nene litapasuka.

Ikikauka, sawazisha kwa kizibo cha chupa, kile cha koki, kilichoguswa maji, kwa mizunguko midogo, bila kupanda juu ya rangi ya asili. Kilichopanda kifute kwa pamba yenye unyevu. Kabla haijakauka kabisa unaweza kuigandamiza kwa kipande cha kanvasi inayofanana ili ipate alama za mfumo wa kitambaa. Hili usilipuuze. Jicho linasamehe rangi iliyokosea kidogo, lakini sehemu nyororo katikati ya mahali penye mikwaruzo ya brashi linaiona kutoka mlangoni.

Hatua ya tisa: kurudishia rangi

Usitumie rangi ya mafuta. Inafanana leo, lakini mafuta mapya hugeuka njano na giza yakikauka, na baada ya miaka michache kiraka chako kitakuwa doa, tena doa gumu kutoa. Tumia rangi za maji za wachoraji. Wataalamu wana rangi zao zenye utomvu wa kisasa, kama Gamblin Conservation Colors, ambazo hazibadiliki na huyeyuka kwa urahisi. Ukizipata, ni bora zaidi kwa tabaka la mwisho.

Fanya kazi mchana, karibu na dirisha lisilopigwa na jua moja kwa moja. Rangi mbili zinaweza kufanana chini ya taa na kutofautiana kabisa mchana. Anza na rangi iliyo nyepesi na baridi kidogo kuliko unayoitaka, kwa kuwa vanishi itaitia giza, na kuongeza giza ni rahisi kuliko kulipunguza. Paka kwa vitone na vistari, ndani ya pengo pekee. Ukitaka kujua rangi itakuwaje chini ya vanishi, iguse kwa pamba yenye unyevu uitazame kabla haijakauka.

Istituto Centrale del Restauro ya Roma, iliyoanzishwa mwaka 1939 chini ya Cesare Brandi, iliendeleza mtindo wa kujaza mapengo kwa vistari vyembamba vya wima vya rangi safi. Kutoka mbali picha inaonekana nzima, na ukisogea unaona wazi palipotengenezwa. Kwa picha ya familia si lazima ufike huko, lakini nidhamu yake ni nzuri: pengo lijazwe, na asiwepo wa kudanganywa kwamba mchoraji ndiye aliyelijaza. Kishawishi kikubwa ni kuendelea milimita moja nje ya pengo ili rangi ziungane. Usiendelee. Kama haziungani, tatizo ni rangi uliyochanganya. Ifute kwa pamba yenye maji, uchanganye upya.

Rangi ya maji ikikauka, igusie vanishi nyembamba ya wachoraji kwa brashi ndogo mpaka mng'ao wake ulingane na wa pembeni. Picha nzima usiipake vanishi kwa sababu ya dosari moja. Na kama picha ina chini ya miezi sita, haifai vanishi kabisa, maana mafuta yake bado yanakauka.

Kuirudisha ukutani

Ukuta wa mawe ya matumbawe na chokaa, kama ule wa Mji Mkongwe au Lamu, unapitisha unyevu na chumvi mwaka mzima. Picha isiguse ukuta huo. Bandika vipande vya kizibo cha koki kwenye kona za nyuma za fremu ili hewa ipite, angalau sentimita moja. Funika nyuma kwa ubao mwepesi au kadi ngumu iliyofungwa kwa skrubu kwenye mbao za fremu. Hiyo inazuia vumbi, mende, na vidole vya watoto. Epuka ukuta wa jikoni, ukuta wa bafu, na mahali jua la jioni linapofika. Kiyoyozi kinachowashwa mchana na kuzimwa usiku ni kibaya kwa kanvasi kuliko chumba chenye joto lisilobadilika.

Mwisho, chukua karatasi uandike kwa penseli tarehe, mahali ulipogusa, gundi uliyotumia na kiasi chake, na aina ya rangi. Weka pamoja na picha ulizochapisha za kabla na baada, ndani ya bahasha, na uibandike kwenye ule ubao wa nyuma, mbali na kanvasi. Fundi wa miaka 30 ijayo ataanzia hapo.